Jibini na Matunda: Namna ya Kuviandaa Pamoja

Wakati wa mvua ng'ombe hutoa maziwa mengi, na mara nyingi yale yasiyonywewa wala kuuzwa huharibika siku ya pili. Jibini ni njia ya kale ya kuyaokoa. Maziwa hugandishwa, maji yake huchujwa, na kinachobaki ni chakula chenye protini, mafuta na kalsiamu ya kuimarisha mifupa. Lakini yapata lita 10 za maziwa huhitajiwa ili kupata kilo 1 ya jibini ngumu, na ndiyo maana bei yake ni kubwa. Mwenye nyumba aiandaaye pamoja na matunda huweza kuwatosheleza watu wengi kwa kipande kidogo.

Kwa Nini Vyapatana

Jibini ina chumvi na mafuta. Tunda lina sukari, maji na uchachu. Chumvi huufanya utamu wa tunda uonekane zaidi, na uchachu wa tunda husafisha ulimi baada ya mafuta. Mataifa mengi yamelijua jambo hili. Waingereza hula jibini ya Cheddar pamoja na tufaha. Wagiriki huchanganya feta, jibini yenye chumvi nyingi, na tikiti maji. Nchini Brazil jibini nyeupe huliwa pamoja na mapera yaliyopikwa kwa sukari mpaka yakawa magumu ya kukatika kwa kisu.

Kila Wakati na Chakula Chake

Kwa watoto watokao shuleni, yafaa jibini laini isiyo na chumvi nyingi, pamoja na ndizi mbivu. Kwa msafiri au mtu aendaye kazini, jibini ngumu ni bora, kwa kuwa haiharibiki upesi. Aichukue pamoja na chungwa lisilomenywa. Wageni wa jioni wawekewe jibini ngumu iliyokatwa vipande vyembamba, pamoja na zabibu au tende. Katika arusi, ambapo watu ni wengi na jua ni kali, tikiti maji na jibini ya chumvi huburudisha sana, na gharama yake si kubwa.

Jambo moja lataka uangalifu. Nanasi bichi na papai vina kitu kinachovunja protini ya maziwa. Vikichanganywa na jibini na kuachwa kwa muda, jibini hulegea na kuwa chungu. Basi vikatwe karibu na wakati wa kula, na kila kimoja kiwekwe mahali pake.

Jibini ya Nyumbani

Asiye na fedha za kununua jibini dukani aweza kuitengeneza mwenyewe. Achemshe lita 2 za maziwa mabichi, ayaepue, kisha atie vijiko vikubwa 4 vya maji ya limau na kukoroga polepole. Maziwa yakitengana, ayamimine katika kitambaa safi, atie chumvi kidogo, na kukitundika muda wa saa moja. Jibini hiyo iwekwe mahali penye baridi, na iliwe katika siku mbili. Kwa kuwa hugandishwa kwa limau, haina dawa itokayo katika tumbo la ndama, jambo ambalo Waislamu wengi hupenda kulijua kabla ya kula.

Kuchemsha maziwa si jambo la kupuuzwa. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo humwumiza mtu viungo kwa miezi mingi. Matunda nayo yaoshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maziwa yaliyokuwa yamwagwe na matunda yaliyokuwa yaoze chini ya mti yakiandaliwa hivi, mgeni na mwenyeji watashiba pamoja, na watoto wa nyumba hiyo watapata afya.