Nani Anajua Nini? Sarufi ya Kikorea ya Kueleza na Kushangaa

Mwanafunzi mgeni anaingia darasani Seoul akiwa amechelewa. Anainama kwa adabu na kusema: "Neujeosseunikka joesonghamnida." Amekusudia kusema kwamba kwa kuwa amechelewa, anaomba radhi, na kila neno aliloteua limo kwenye kamusi. Hata hivyo, sentensi yake inamkwaruza mwalimu sikioni. Mkorea angesema "Neujeoseo joesonghamnida." Silabi mbili tatu za katikati ndizo zinazotenga kuomba radhi na kujitetea.

Wanaojifunza Kikorea, wawe wamevutwa na tamthilia, muziki au masomo, hukutana na tatizo hili mara wanapotoka ngazi ya mwanzo. Kujitambulisha, kuagiza chakula na kuuliza bei huja haraka. Ugumu huanza pale mtu anapotakiwa kutoa sababu, au kuitikia sababu aliyoitoa mwenzake. Na hapo hapakwepeki: wanaopata udhamini wa Serikali ya Korea Kusini kwa kawaida husoma lugha kwa mwaka mmoja na kutakiwa kufikia daraja la 3, kati ya 6, la mtihani wa TOPIK kabla ya kuanza shahada.

Vitabu vingi huviorodhesha viambishi vya kueleza kimoja kimoja, na tafsiri zake zinafanana: "kwa sababu", "kwa sababu", "kwa sababu". Orodha ya namna hiyo inaficha swali ambalo Mkorea hulijibu karibu kila anapofunga sentensi: kati yangu na wewe, nani tayari analijua hili ninalolisema? Ukilishika swali hilo, viambishi vinajipanga vyenyewe.

Kiswahili hutanguliza nafsi na njeo mbele ya mzizi wa kitenzi. Kikorea hukiweka kitenzi mwisho wa sentensi, kisha hupachika viambishi nyuma ya mzizi. Kwa hiyo msikilizaji hana budi kungoja silabi ya mwisho ndipo ajue kama ameelezwa, amekumbushwa au amelaumiwa. Mifano yangu nimeiandika kwa herufi za Kilatini, kwa utaratibu rasmi wa Korea Kusini wa mwaka 2000. Humo "eo" ni irabu moja, iliyo karibu na "o" ya mdomo uliofunguka.

Sababu mbili zisizobadilishana

Tuanze na viambishi viwili vinavyounga sababu na matokeo ndani ya sentensi moja. Cha kwanza ni -aseo au -eoseo (아서/어서), ambacho huonyesha jambo moja likizaa jingine bila msemaji kusukuma hoja: "Chaga makyeoseo neujeosseoyo," kulikuwa na foleni, nikachelewa. Ndicho kinachotumika katika kushukuru na kuomba radhi. Kina masharti mawili. Hakipokei njeo iliyopita, kwa hiyo wakati huonyeshwa na kitenzi cha mwisho peke yake. Tena hakifuatwi na amri wala pendekezo.

Cha pili ni -nikka (니까). Hiki hubeba uamuzi wa msemaji: nimepima, na kwa msingi huu nasema hivi. Ndiyo maana kinakubali amri na ushauri: "Biga onikka usaneul gajyeogaseyo," mvua inanyesha, chukua mwavuli. Kinakubali njeo iliyopita pia. Lakini ukikiweka kwenye kuomba radhi, unasikika kama wakili anayetetea kesi yake, na hilo ndilo lililomkuta mwanafunzi wetu.

Mvua moja, sentensi tano

Viambishi vinavyofunga sentensi ndivyo vinavyochora mpaka wa maarifa waziwazi zaidi. Chukua habari moja tu, kwamba mvua inanyesha.

Umeulizwa kwa nini hutoki. Unajibu: "Biga ogeodeunnyo." Kiambishi -geodeunnyo (거든요) hutoa sababu ambayo msemaji anaijua na msikilizaji haijui. Hufuata swali au kauli iliyotangulia, kama sisi tunavyosema "maana mvua inanyesha". Wasimuliaji hukitumia pia kutandika msingi wa kisa kabla ya kuingia kwenye tukio lenyewe.

Mwenzako anaanika nguo huku mawingu yanamwaga. Unamwambia: "Biga ojanayo!" Kiambishi -janayo (잖아요) husema kwamba jambo hili unalijua, au ulipaswa kulijua. Kimetokana na kukanusha kulikofupishwa, "je, si hivyo?", na Mswahili anakipata bila shida kwa sababu anacho chake: "Si mvua inanyesha!" Hata ile lawama ndogo iliyomo ni ileile.

Unafungua dirisha asubuhi na kukuta nje kumelowa, matone yanaanguka. "Biga oneyo." Kiambishi -neyo (네요) ni cha jambo linaloingia akilini sasa hivi kupitia macho, masikio au ulimi wako mwenyewe.

Hujatoka, lakini mgeni ameingia na mwavuli unaochuruzika maji. "Biga oneungunnyo." Kiambishi -gunnyo (군요) nacho ni cha kutambua upya, ila kinakubali utambuzi uliopatikana kwa kuambiwa au kwa kukisia. Baada ya vitenzi vya vitendo katika wakati uliopo huwa -neungunnyo. Baada ya vivumishi hubaki -gunnyo.

Mwisho, umerudi kutoka sokoni na unamsimulia mtu aliyekuwa ndani kutwa: "Biga odeoragoyo." Kiambishi -deoragoyo (더라고요) huleta mbele ya msikilizaji jambo ambalo msemaji alilishuhudia mwenyewe wakati uliopita.

Habari haijabadilika hata mara moja. Kilichobadilika ni nani alikuwa nayo, aliipata lini na kwa njia gani. Wanaisimu wanalo jina la alama za kisarufi zinazoonyesha kwamba habari ni mpya akilini mwa msemaji: miratifu. Dhana hiyo ilienea baada ya makala ya Scott DeLancey ya mwaka 1997. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa neno "kumbe", tena mwanzoni mwa sentensi, wakati Kikorea hungoja hadi mwisho.

Kuitikia maelezo

Mkorea akikueleza jambo, kunyamaza hadi amalize kunaweza kumfanya adhani humfuati. Jibu salama ni "A, geureokunnyo," yaani kumbe ndivyo. Usilichanganye na "Geureoneyo", ambalo hufaa pale unapoonyeshwa jambo, ukalitazama, na kukiri kwamba kweli liko hivyo. La kwanza linapokea maelezo, la pili linathibitisha kwa macho. Na ukisema maneno mawili tu ya Kikorea mbele ya mwenyeji, jiandae kusikia "Hangungmal jalhasineyo!": kumbe unaongea Kikorea vizuri. Amelisikia mwenyewe, amelishangaa papo hapo, kwa hiyo -neyo.

Moyo wa mwenzako

Mpaka huu wa maarifa unafika hata kwenye hisia, na hapo wanafunzi wengi huteleza. Kwa Kiswahili nasema "nimehuzunika" na "amehuzunika" kwa kubadili nafsi tu. Kikorea hakiruhusu wepesi huo. "Seulpeoyo" ni huzuni yangu, ninayoihisi mimi. Rafiki yangu akihuzunika, siwezi kuingia moyoni mwake, kwa hiyo nasema "Chinguga seulpeohaeyo", ambapo -eohada (어하다) hugeuza hisia kuwa tabia inayoonekana kwa nje. Hofu nayo iko hivyo: museopda ni yangu, museowohada ni ya mwingine. Hata kutaka: sipda kwangu, sipeo hada kwake. Mwandishi wa riwaya anaweza kuuruka uzio huu, kwa kuwa yeye huijua mioyo ya wahusika wake.

Basi utamfarijije mtu bila kudai kwamba unayajua ya moyoni mwake? Kwa kukisia kwa heshima, kupitia -get- (겠). Mtu anaposimulia kazi ngumu, mwambie "Himdeusigesseoyo", lazima imekuchosha. Aliyenusurika ajali mwambie "Nollasyeotgesseoyo", lazima ulishtuka. Aliyepata safari nzuri, rafiki yako, mwambie "Jokesseoyo", bila shaka una furaha. Mahali ambapo sisi tungesema "pole" au "hongera", Mkorea mara nyingi hutaja hisia yenyewe, huku -get- ikikiri kwamba anakisia tu.

Adabu

Kuondoa -yo mwishoni, ukabaki na -geodeun, -jana au -ne, kunafaa kwa marafiki wa rika moja, ndugu na wadogo. -Gunnyo hugeuka kuwa -guna. Lakini kubakiza -yo hakutoshi kukulinda mbele ya wakubwa. -Geodeunnyo kwa mkuu wa kazi huweza kusikika kama majivuno ya anayejua zaidi, na -janayo kama kumkumbusha mkubwa wajibu wake. Akikuuliza kwa nini umechelewa, funga kwa -seoyo: "Chaga makyeoseoyo." Umetoa sababu bila kudai ushindi.

Njia bora ya kujifunza ni kwa wawili. Chagueni tukio moja la siku hiyo: umeme umekatika, daladala imejaa, wali umeungua. Mmoja alieleze kama mtu anayelijua peke yake, kisha kama jambo mnalolijua wote, kisha kama alilolishuhudia asubuhi. Mwenzake aitikie kila mara kwa kiambishi kinachofaa, kisha mbadilishane. Anayeeleza kwa -geodeunnyo anampa mwenzake habari. Anayejibu kwa -gunnyo anatangaza kwamba imemfikia. Baada ya hapo habari ni yenu wote wawili, na mkiirudia kesho yake itakuja na -janayo.