Kafi ni Chombo cha Kazi

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunatoka kidogo kwenye mashine na mashamba, tunakwenda kisiwa cha Rongui, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Kiko kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, jirani na kisiwa cha Vamizi. Ruvuma mnaijua, maana wazee wengi wa Kimakonde waliuvuka mto huo kuja kukata mkonge Tanganyika.

Kabla ya vita, Vamizi ilijengwa hoteli ya kifahari, na wageni wenye fedha walikuja kupiga kafi kwa starehe. Wengine huketi ndani ya kayaki, wengine husimama wima juu ya ubao mrefu. Hatuwachukii. Lakini ijulikane kwamba kayaki haikuzaliwa mchezo. Ni chombo cha Wainuit wa nchi za barafu, walioitengeneza kwa ngozi ya sili ili wawinde wapate kula, sawa na mvuvi wa Kimwani na mtumbwi wake wa gogo. Kafi hushikwa mkononi tu, haifungwi ubavuni mwa chombo kama kasia, kwa hiyo uzito wote huangukia mabega na kiuno. Mwenye kupiga kafi saa moja kwa raha hawezi kujua maumivu ya mwenye kuipiga miaka 20.

Na kazi yenyewe si mikono peke yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, na maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asiyejua hutoka asubuhi juu ya maji, akirudi anakuta mwamba mtupu na matumbawe yanayokata miguu. Katika mikondo ya kati ya visiwa, maji hukimbia kumshinda mpiga kafi. Kusi nayo ikivuma humsukuma mtu kaskazini, atake asitake. Elimu hii hurithiwa kwa wazee, haina cheti, na kwa sababu haina cheti waajiri wengine huilipa kama kubeba mizigo.

Anayeongoza wageni akilipwa kwa siku ya mgeni tu, hana tofauti na mkata mkonge wa enzi ya kipande: siku isiyotiwa alama haina mshahara. Na siku hizo zimekuwa nyingi. Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia. Aprili 2019 kikapiga kimbunga Kenneth. Mwaka 2020 ikaja korona. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na watu wakakimbilia baharini kuokoa roho zao. Mgeni hufuta safari kwa barua moja. Mpiga kafi hawezi kufuta njaa ya watoto.

Msumbiji ina sheria ya kazi namba 13 ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2007. Ni vizuri, ila sheria bila chama ni karatasi. Sisi tunadai mkataba wa maandishi, mshahara wa mwezi hata wageni wakipungua, na jaketi za kuokolea kwa kiongozi pia, si kwa mgeni peke yake. Tena kiongozi akitazama maji akasema leo hatoki mtu, lake liwe neno la mwisho, na ujira wa siku hiyo usikatwe.