Waliolala Nyasini Lugalo

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo hatuna sungura wala fisi. Nitakayowasimulia yalitokea kweli, tarehe 17 Agosti 1891, mahali panapoitwa Lugalo, si mbali na mji wa Iringa wa leo.

Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe wakati huo alikuwa Mkwavinyika, ambaye sote tunamjua kwa jina la Mkwawa. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyezikusanya koo nyingi za Uhehe zikawa dola moja yenye jeshi. Munyigumba alifariki mwaka 1879, ukazuka ugomvi wa urithi, na Mkwawa hakukikalia kiti cha baba yake kwa urahisi. Akapigana na wa nyumbani, akapigana na majirani, Wasangu na Wangoni. Kwa hiyo msidhani kwamba Wajerumani walipokuja walimkuta mtu asiyejua vita.

Jeshi la Wajerumani liliongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Watu wa Pwani walikuwa wanamjua zamani. Mwaka 1888 alikuwa Pangani, na ubabe wake huko ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Abushiri, watu wa Pwani walipowapinga Wajerumani. Sasa alipanda bara na askari zaidi ya 300, wapagazi, bombomu na mizinga midogo, akichoma vijiji njiani. Wengi wa askari wake walikuwa Waafrika wenzetu, Wasudani walioandikishwa Misri na vijana waliotolewa Msumbiji. Nao walikuwa na mama zao waliowangoja. Msiwasahau mnapousikia ushindi huu.

Basi Wahehe wapatao 3,000 wakaingia vichakani na nyuma ya miamba, kando ya njia atakayopita Nyundo. Wengi wao walishika mikuki na ngao. Bunduki walikuwa nazo chache.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Watu wakisifu ushujaa husifu mbio, kelele na damu. Mimi nasema ushujaa mkubwa wa Lugalo ulikuwa kulala kimya. Fikirini kijana amelala kifudifudi kwenye nyasi, adui anapita hatua chache kutoka alipo, anasikia viatu vyao, anasikia pumzi za punda, naye hatikisiki. Mmoja tu angekohoa, au angerusha mkuki kabla ya wakati, mpango wote ungeharibika. Maelfu ya watu walijizuia kwa pamoja. Utii wa namna hiyo hauji kwa siku moja, ulijengwa tangu enzi za Munyigumba.

Tena mpango wenyewe ulikuwa na akili. Bunduki za askari wale zilitiwa risasi moja moja. Ukishafyatua, lazima utie nyingine. Bombomu na mizinga ilikuwa mizigo safarini, haikuwa tayari kupigwa. Msafara wenyewe ulikuwa mrefu na mwembamba, kwani njia ilikuwa finyu. Mpiganaji mwenye mkuki, akianzia mbali, atauawa kabla hajafika. Akianzia karibu, bunduki inakuwa fimbo tu mikononi mwa mwenye nayo.

Husimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimwona ndege akampiga risasi, na Wahehe wakadhani ndiyo ishara yao ya kushambulia. Wakainuka wote. Askari waliwahi kufyatua mara moja au mbili tu kabla mikuki haijawafikia. Punda wakatimua mbio wakiivuruga safu. Zelewski akauawa hapo hapo kwa mkuki, na masimulizi yanasema aliyemchoma alikuwa kijana mdogo wa makamo yenu. Katika dakika chache kikosi kikavunjika. Waliosalia ni wachache waliokuwa nyuma, wakiongozwa na Luteni Tettenborn, wakarudi Pwani na habari mbaya. Wahehe wakateka bunduki nyingi. Lakini nao walizika wengi, na sitawaficha hilo.

Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Mkwawa huko Kalenga. Mkwawa akatoroka, akapigana vita vya msituni miaka karibu minne, huku watu wake wakimlisha na kumficha ingawa kichwa chake kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Mwezi Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi badala ya kukubali kukamatwa. Wajerumani walikata kichwa chake wakakipeleka Ulaya. Jambo hilo liliwauma Wahehe kupita kushindwa kwenyewe, na nadhani mnaelewa kwa nini. Hata Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwamba fuvu hilo lirudishwe, lakini miaka ikapita bure. Hatimaye lilirudi Juni 1954, na aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Kambi kubwa ya jeshi la Tanzania pale Dar es Salaam inaitwa Lugalo kwa ajili ya siku ile. Nanyi mkipata nafasi ya kufika Iringa, ombeni wazazi au walimu wenu wawapeleke Kalenga kwenye makumbusho mkalione fuvu la Mtwa, kisha mpite Lugalo penye mnara wa kumbukumbu.