Matokeo ya vituo vidogo: usisome asilimia peke yake

Wadau, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijiwe vya Mwanga na Ujiji vinawaka moto. Mtu anafungua ukurasa wa kituo kidogo cha watahiniwa wa kujitegemea, anakuta F zimejipanga, anafunga hesabu: "Pale hamna kitu." Jamani, tuelewane kwanza hizo namba zinasema nini.

Moja, nani anasoma huko. Watahiniwa wa shule namba zao zinaanza na S, wa kujitegemea na P. Humo kwenye P wamo wanaorudia masomo machache. Wamo pia walioishia darasa la saba, wanaosoma kwa moduli za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW) na kupitia kwanza Mtihani wa Maarifa (QT), ambao kwao unasimama badala ya ule wa kidato cha pili. Kwa huku kwetu fikiria mvuvi wa dagaa, usiku wa giza yuko ziwani na karabai, kitabu anakishika mbalamwezi ikitoka. Au mama muuza mawese. Au binti aliyeacha shule kwa mimba. Mpaka Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako alipotangaza kuwa wanaojifungua waruhusiwe kurudi, mlango wa shule ya serikali ulikuwa umefungwa kwake. Njia hii ndiyo ilikuwa imebaki.

Mbili, udogo wa kituo. Chukua mfano tu: kituo kina watu 10, mmoja akaugua asifanye vizuri, tayari asilimia 10 imeondoka. Shule ya watu 200, mmoja akianguka ni nusu asilimia. Kwa hiyo kituo kidogo kinaweza kupanda sana mwaka huu na kuporomoka mwakani, na mwalimu ni yule yule.

Tatu, lengo la mtu. C inaanzia alama 45, D alama 30. Anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha sita anahitaji C tatu. Aliyekuwa nazo mbili akarudia masomo mawili, akapata C moja na F moja, ukiangalia karatasi utasema kafaulu nusu. Yeye kashamaliza kazi iliyompeleka!

Sasa uliza maswali ya maana. Waliojiandikisha walikuwa wangapi, na waliofika chumba cha mtihani wangapi? Umri wao? Walifanya masomo mangapi? Jumlisha miaka mitatu, usishike mwaka mmoja.

Hapa sivitetei vituo vibovu. Kama miaka mitatu mfululizo hesabu ni F tupu, basi mwalimu hayupo au moduli hazifiki, na wanaolipa ada wana haki ya kudai majibu. Ila hilo utaligundua kwa kuuliza, siyo kwa kulinganisha na shule ya bweni. Hata NECTA yenyewe Januari 2023 iliacha kutangaza shule kumi bora.

Tukimkatisha tamaa binti wa Katonga kwa asilimia ya watu kumi, yeye ndiye anayebaki nyumbani, sisi tunaendelea na kahawa yetu.

Mwenye uzoefu na vituo hivi atumwagie data hapo chini. Naomba kuwasilisha.