Alumini na Ngozi Yake (5): Buriani kwa Bafu la Bengough na Stuart

Tangu Aprili 2025, Wakala wa Kemikali wa Umoja wa Ulaya, wenye makao yake Helsinki, ulipopendekeza kubana matumizi ya kromi-sita, ile iliyomo katika asidi ya kromi, katika nchi zote za umoja huo, wasomaji wa mfululizo huu wananiuliza swali moja: je, madirisha yetu ya alumini yamo? Hayamo. Dirisha la kuanodishwa, yaani kuoteshwa ngozi ya oksidi kwa umeme, hupitia bafu la asidi ya salfa, ile ile ya betri ya gari, kama nilivyoeleza katika sehemu ya pili, na bafu hilo halihitaji kromi. Katika kazi ya kuanodisha, anayeguswa ni mtengenezaji na mkarabati wa ndege, na zaidi yao mfanyakazi anayesimama kando ya tangi kutwa nzima akivuta ukungu wake. Nitarudi kwake. Kwanza niruhusiwe kuiaga kwa heshima kemia niliyoipenda tangu ujana, maana asidi ya kromi ndiyo iliyoifungulia mlango kazi hii yote.

Kisa kinaanzia Ujerumani. Mwaka 1906 Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba nyekundu kiasi cha asilimia nne, na magnesi kidogo, ikipashwa moto kisha ikapozwa ghafla, haiwi ngumu papo hapo. Hukomaa yenyewe ikiachwa ikae siku kadhaa. Aloi hiyo ikaitwa duralumini, na muda si mrefu ikawa mifupa ya ndege. Lakini shaba iliyoipa nguvu ndiyo iliyoiponza. Ndani ya bamba, chembe zenye shaba nyingi zikikutana na maji ya chumvi hugeuka kuwa betri ndogondogo, na kinacholiwa ni alumini inayozizunguka. Ndege inayotua uwanjani huvumilia. Ile inayotua baharini hutoboka.

Waingereza walikuwa na pwani nyingi na ndege za majini za kutosha, kwa hiyo ugonjwa huu uliwauma mapema. Aliyeutafutia dawa, Guy Bengough, hakuwa mtu wa ndege hata kidogo. Kwa miaka mingi alikuwa akichunguza kwa nini mabomba ya kondensa za meli yanaliwa na maji ya bahari. Watu wa ndege waliijua nguvu ya bamba. Yeye aliijua tabia ya chumvi, na mimi naona ndiyo maana akafika kabla yao. Mwaka 1923 yeye na mwenzake J. M. Stuart walipata hataza ya njia yao. Hataza ni waraka wa wazi, yeyote anaweza kuusoma.

Utaratibu wao ni wa mtu mvumilivu. Asidi ya kromi asilimia tatu, joto nyuzi 40. Volti hupandishwa taratibu kutoka sufuri hadi 40 kwa robo saa, huachwa hapo dakika 35, hupandishwa tena hadi 50 kwa dakika tano, kisha huachwa dakika tano nyingine. Saa nzima kwa ngozi ya mikroni chache tu, ya kijivu, isiyong'aa. Ukiiweka dukani hakuna atakayeigeukia.

Basi kwa nini wakang'ang'ania asidi ghali na yenye sumu? Kwa sababu ndege imejaa rivati, na mahali bamba linapolalia bamba asidi hupenya na kubaki. Asidi ya salfa ikibaki humo itaendelea kula alumini kimyakimya, hata uisuuze vipi. Mabaki ya asidi ya kromi hayali duralumini. Na kuna jambo la pili, ninalolipenda kuliko yote. Kipande kikitoka bafuni kikasuuzwa na kukaushwa, kama kina ufa usioonekana kwa macho, asidi iliyojificha ndani huanza kuchuruzika na kuchora mstari wa rangi ya kahawia juu ya ule ukijivu. Bafu lililowekwa kwa ajili ya kinga likawa pia mkaguzi, na vipande vyenye ufa vikajichongea vyenyewe.

Wazee wa pwani yetu waliziona ndege za aina iliyosababisha taabu yote hii. Kuanzia 1937 ndege kubwa za majini za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kwenda Durban, zilitua Port Bell na Kisumu katika maji baridi ya ziwa, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika maji ya chumvi. Lindi! Mji ambao leo abiria wa ndege huusahau ulikuwa kituo kwenye njia ya kimataifa.

Asidi ya salfa ilifuata mwaka 1927, kwa hataza ya Gower na O'Brien. Ni rahisi, ngozi yake ni nene zaidi na yenye kuonyesha metali iliyo chini yake, na hunywa rangi vizuri. Hiyo ndiyo iliyotuletea fremu za rangi ya dhahabu na shaba. Kwa jengo la ufukweni usikubali chini ya mikroni 20, ila nimeshalisema hilo.

Sasa niseme lililo moyoni. Bengough na Stuart waliacha maelezo ya dakika kwa dakika. Leo fundi wetu anauziwa pipa la kemikali na karatasi moja ya maelekezo, na akikwama, anauziwa pipa la pili. Baada ya sehemu ya tatu ya makala haya fundi mmoja alinipigia simu. Nusu ya vipande vyake vilitoka bafuni vikiwa vitupu, havishiki rangi. "Mwalimu, waliniuzia wakasema niongeze asidi. Nimeongeza mara mbili, hali ni ile ile."

Nikamuuliza, "Fundi, una multimita?" Anayo. Nikamwambia aiweke kwenye mlio, aguse kipande kibovu kwa ncha zote mbili. Ikalia. Aguse kizima. Kimya. Ngozi ya oksidi haipitishi umeme, kwa hiyo panapolia hapana ngozi, na pasipo na ngozi umeme haukufika. Kosa halikuwa kwenye asidi. Alikuwa ametundika vipande vyake kwa waya za alumini zilizokwisha kutumika mzunguko uliopita, nazo huota ngozi kama kipande chenyewe. Zilipaswa kuchovywa kwanza kwenye kostiki soda zivuliwe, kisha zikazwe barabara. Dawa ya bei ya waya, na yeye alishalipia asidi.

Huu ndio msaada wa kiufundi ninaoudai, na si msaada wa hisani. Kupima nguvu ya bafu kunahitaji bureti, kostiki soda ya kipimo kinachojulikana, matone ya fenolftaleini, na floridi ya potasiamu kidogo ili alumini iliyoyeyuka isivuruge hesabu. Alumini hiyo ikizidi gramu 20 kwa lita, sehemu ya bafu huondolewa na kujazwa upya. Haitengenezeki kwa kumiminia asidi. Haya mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA anayaweza kwa asubuhi moja. Ningeomba SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, na KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda ya Kenya, kila moja iwe na meza moja ya kazi hii, na namba ya simu inayopokelewa. Fundi naye awe na daftari kando ya tangi: tarehe, joto, volti, ampea, kilichoongezwa na aliyeongeza. Fundi asiye na daftari ni mateka wa muuzaji wake.

Nafasi inaniishia na bado sijamfikia mfanyakazi wa kando ya tangi. Kromi-sita husababisha saratani ya mapafu. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka katika kundi lake la kwanza. Mbadala upo: Boeing ilipata hataza ya bafu la asidi ya salfa na asidi ya boriki mwaka 1990, na Airbus imekwenda na asidi ya salfa iliyochanganywa na asidi ya tataraki. Kwa karakana kuukuu yenye akiba ya asidi ya kromi, isimwagwe. Mtaalamu mwenye vifaa vya kujikinga huitia metabisulfiti ya sodiamu ikiwa bado na ukali wa asidi, nayo hugeuka kutoka rangi ya chungwa hadi kijani, dalili kwamba kromi-sita imekuwa kromi-tatu. Ndipo huongezwa chokaa ili ijitenge na kutuama chini kama tope. Tope hilo hukusanywa na kupelekwa kwa mwenye kibali cha taka hatari.