Doula ni Nani, na Anatuhusu Nini Sisi wa Ughaibuni?

Tangu nianze kuwasindikiza kina dada leba hapa Uingereza, swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu ni hili: "Hivi wewe ni mkunga?" Hapana, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi kama ninyi, niliyepata mafunzo mafupi ya udoula na ninaifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kwa kuwa wengi wetu tuko huku katika umri wa kuoa, kuolewa na kuzaa, nimeona bora nieleze.

Neno doula asili yake ni Kigiriki, na zamani lilikuwa na maana ya mtumishi wa kike. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, ndiye aliyelipa maana mpya katika miaka ya 1970: mwanamke anayemsaidia mzazi. Neno geni, lakini kazi siyo ngeni. Nyumbani ni ile ya mama, shangazi au bibi wa jirani: anakukanda mgongo, anakupikia uji wa pilipili manga, anakwambia "vumilia mwanangu, karibu". Tofauti ni kwamba huku shangazi yuko mbali, na viza yake huenda isitoke kwa wakati.

Sasa tutenganishe kazi. Mkunga hupima mapigo ya moyo wa mtoto, huangalia njia imefunguka sentimita ngapi, na ndiye anayezalisha. Doula hagusi hayo. Kwa sheria ya Uingereza, asiye mkunga au daktari haruhusiwi kuzalisha ila kwa dharura. Kazi ya doula ni kubaki. Mkunga ana wagonjwa wengine na zamu yake huisha. Doula yupo mwanzo mpaka mwisho.

Mimi hukutana na mama mara mbili tatu kabla ya siku yake. Tunaandika anachotaka na asichotaka: sindano ya ganzi ya mgongoni, nani awepo chumbani, mtoto awekwe kifuani mara moja au la. Siku ikifika namkanda, namnywesha maji, namkumbusha abadilishe mkao. Baba naye simsahau. Kaka zetu wengi hawajawahi kuingia leba. Ukimwonyesha mahali pa kukanda, hofu inapungua. Baada ya hapo nasaidia kunyonyesha, na nashika mtoto ili mzazi alale.

Je, inasaidia kweli, au ni starehe tu ya Wazungu? Mwaka 2017 shirika la Cochrane lilikusanya matokeo ya majaribio 26 ya wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwasaidia mfululizo walipasuliwa kwa uchache zaidi, karibu robo, na uchungu wao ulikuwa mfupi kwa wastani wa dakika 41. Wasaidizi hao hawakuwa doula wote; wengine walikuwa wahudumu wa hospitali, wengine ndugu au marafiki. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2018 lilipendekeza kila mama awe na mwenzake anayemtaka mwenyewe.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Ripoti za vifo vya uzazi Uingereza zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa wanawake weusi hufariki zaidi kuliko weupe, kati ya mara mbili na zaidi ya mara nne kutegemea kipindi. Doula hawezi kuzuia damu wala kushusha presha. Anachoweza ni kumtia mama moyo aseme, na aseme tena asiposikilizwa. Tumelelewa kutombishia daktari, lakini kuuliza "kwa nini?" na "kuna njia nyingine?" siyo utovu wa adabu.

Mambo ya kushika. Kwanza, kichwa kikikuuma sana, ukiona maluweluwe, ukitokwa damu au mtoto akipunguza kucheza, piga simu wodi ya uzazi papo hapo. Usianze na doula. Pili, doula Mswahili siyo mkalimani wa matibabu. Omba mkalimani wa hospitali, ni bure katika hospitali za NHS. Tatu, uliza mapema hospitali yako inaruhusu watu wangapi chumbani. Nne, kazi hii haina leseni ya serikali, kwa hiyo muulize doula amesomea wapi na amesindikiza wangapi. Bei zinatofautiana, anayeanza huwa nafuu, na wapo wa kujitolea.

Na kama doula hapatikani, basi dada mmoja mtulivu kutoka chama chetu, mwenye simu iliyochajiwa na moyo wa kukesha, anatosha kuanzia. Mkijua mwenzenu ni mjamzito na hana mtu, msingoje awaombe. Muulizeni nani atakwenda naye.