Kazi ya Kuunda Vyombo, na Watu Waijifunzao

Wasomaji wetu wengi wamepata kusafiri katika jahazi au mashua, na wale wakaao mbali na pwani wameona walau picha yake. Lakini ni wachache waliokaa mchangani siku kutwa wakatazama jinsi chombo kinavyoundwa, na wachache zaidi waliojiuliza: Fundi huyu alifundishwa na nani, na baada yake atakuja nani? Swali la pili ndilo lililotufanya tuandike habari hizi, maana katika pwani yetu limekwisha kujibiwa mara moja, na jibu lenyewe lilikuwa baya.

Jibu hilo ni habari ya mtepe. Mtepe ulikuwa chombo kikubwa, wenyeji wake hasa watu wa Pate, Faza na visiwa vya Wabajuni, nao haukufungwa kwa misumari ya chuma: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kukazwa kwa vigingi vya mti, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kitabu kimoja cha safari za bahari, kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata miaka 1900 iliyopita, chataja kisiwa cha pwani hii kiitwacho Menouthias, ambacho wengine hudhani ni Unguja, na wengine Pemba au Mafia. Mwandishi asema kuwa watu wa huko walikuwa na vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya mti mmoja. Basi fikirini ni mikono mingapi iliyopokezana ujuzi ule! Kisha ukakatika katika maisha ya watu wawili watatu. Jahazi la misumari lilivuja kidogo, tena halikutaka kushonwa upya mara kwa mara. Vijana wakaona hapana faida ya kujifunza kushona. Mwaka 1941, Mwingereza James Hornell alipotoa maandishi yake juu ya mtepe, ilikuwa kama kuandika habari za marehemu.

Mwaka 2003 mtepe uliundwa tena Unguja Mjini, kwa kipimo chake kamili, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika Beit el Ajaib, nyumba iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 ambayo wakati ule ilikuwa makumbusho. Hapakuwa tena na fundi aliyekula kwa kazi hiyo. Ikabidi kurudia mifano midogo, picha na maandishi. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya nyumba ile ikaanguka, na watu wawili wakafa. Hapo ndipo mtu aonapo kuwa chombo kuhifadhiwa nyumbani si sawa na ujuzi kukaa mkononi mwa mtu, kwa maana hata nyumba ya mfalme huanguka.

Hata hivyo nusu moja ya kazi ya mtepe haikufa, nayo imo mikononi mwa wanawake. Upande wa mashariki wa kisiwa, kwa mfano Bwejuu na Jambiani, wanawake hufukia makumbi ya nazi ufukweni, mahali yafikiwapo na maji ya bahari, huyaacha miezi mingi hata yaoze, kisha huyafukua, huyaponda kwa magogo, na kusokota kamba. Hapana aliyewaita waunda vyombo, lakini bila wao hapana mtepe ambao ungeelea.

Sasa twende Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwa Watumbatu, watu ambao bahari ndiyo shamba lao. Huko majahazi, mashua na ngalawa huundwa pwani, chini ya makuti, mbele ya macho ya kila mpita njia. Fundi hana ramani ya karatasi. Kwanza huulaza mkuku, kisha husimamisha fashini ya mbele na ya nyuma, na tangu hapo umbo lote la chombo limo kichwani mwake. Mwanafunzi akiuliza, "Mbao hii nipunguze kiasi gani?" huenda asipate neno lolote, ila fundi atachukua tezo, atapiga mara tatu, na kumrudishia.

Walimu wetu wa shule labda hawataupenda mwendo huu wa kufundisha. Hapana ubao wala daftari, na mwaka wa kwanza mtoto huokota vipande, huchota maji, hunoa patasi na kushika upande wa pili wa mbao. Baadaye hupewa keekee atoboe matundu ya misumari. Kazi hii yaonekana nyepesi, kumbe tundu likienda upande, mbao hupasuka, na fedha ya mwenye chombo imepotea. Msumari nao haupigwi mtupu: huzungushiwa pamba iliyolowa mafuta, ili maji yasipate njia. Kisha huja kazi ya kukalafati, yaani kusindilia pamba katika kila ungo wa mbao, na hapo mwanafunzi hujifunza kwa sikio, maana pamba iliyokaza ina mlio wake. Mwisho chini ya chombo hupakwa deheni ya shahamu na chokaa, na juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake humfuata mtu mpaka kitandani.

Lakini jambo gumu kupita yote ni mataruma, zile mbavu za chombo. Taruma jema halichongwi likapindwa. Hutafutwa katika mti uliokua umepinda, ili nyuzi za mti zifuate mpindo wenyewe na zisikatike. Kwa hiyo mwanafunzi huenda na fundi wake mashambani, wakitazama mitondoo na miembe, naye hufundishwa kuona taruma ndani ya tawi ambalo bado lina majani. Mtu aliyefundishwa hivyo, nadhani, hawezi tena kupita chini ya mwembe kama watu wengine. Siku hizi miti mikubwa imepungua Unguja, na mbao nyingi hutoka bara, zikiwa zimekwisha kupasuliwa na kunyoka. Na somo hilo la mashambani linapungua pamoja nayo.

Je, watu wa namna gani hujifunza? Desturi ni kwamba fundi humfundisha mwanawe au mpwa wake. Lakini ukisikiliza majina ya kazi yenyewe utajua kuwa mlango huo haukufungwa kamwe. Tanga ni neno letu wenyewe. Msumari, usukani na kalafati yametoka kwa Waarabu. Nahodha na bandari kwa Waajemi. Parafujo kwa Wareno. Watu hawakuletewa maneno hayo katika barua. Walikaa pamoja Malindi na Funguni, vyombo vya kaskazi vilipokuja kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi vikapandishwa pwani kutengenezwa, na aliyekuwa na macho akajifunza kwa mgeni.

Mambo hayo yameonekana hata katika siku zetu. Mwaka 1980 Tim Severin alitaka kuunda chombo cha kushonwa katika mji wa Sur, Oman, mji ambao majahazi yake yalizoea kuja Unguja. Mafundi wa kushona walitoka visiwa vya Lakshadweep, na mbao zikatoka Malabar. Chombo kile, Sohar, kiliondoka Muscat mwezi wa Novemba 1980, mabaharia wa Oman na watu wa Ulaya wakiwa pamoja, kikafika China Julai 1981. Na huko Lamu, fundi Ali Skanda, aliyezoea mbao maisha yake yote, alikubali kuwa mwanafunzi tena: pamoja na wenzake waliotoka mahali pengi aliunda dau la takataka za plastiki, liitwalo Flipflopi, lililoshuliwa mwaka 2018 na kuja kwa tanga mpaka Unguja mwaka 2019. Wazee wengine walicheka. Dau likafika.

Twasema haya kwa sababu hofu ya mtepe imerudi. Nungwi imejaa mahoteli, na kijana apataye mshahara kila mwisho wa mwezi hawezi kulaumiwa akikataa kuchota maji ya fundi kwa malipo kidogo. Vyombo vya faiba na mashine navyo vimeingia. Basi mwana wa fundi akienda hotelini, nani atashika tezo? Yafaa awe mwana wa mtu mwingine: mtoto wa mkulima wa karafuu, kijana aliyetoka bara, au hata binti, kama yuko atakaye. Fundi akisema, "Huyu si wa ukoo wetu," huenda ujuzi ukaingia naye kaburini. Na mwalimu naye asimtishe mtoto mvivu wa hesabu kwa kumwambia, "Utaishia kuchonga madau." Kazi hiyo ina hesabu nyingi kuliko zilizomo daftarini, ila huhesabiwa kwa jicho.

Chombo kikiisha, husubiriwa maji ya bamvua. Kijiji huitwa, kamba hufungwa, watu huimba na kuvuta, na kwa saa moja hapana aulizaye ni nani wa ukoo gani, maana chombo ni kizito. Hata kikielea, kazi haijaisha. Mbao kavu bado hazijavimba, na chombo kipya huingiza maji usiku kucha. Watu wakiisha kula wali na kwenda zao, mmoja hubaki chomboni na upo mkononi, akifua maji mpaka alfajiri, na mara nyingi huyo ndiye mwanafunzi.